Kamera ya pori ihesabu nyama, isiwavizie

LIKASI – Kuna chombo kidogo ambacho mwindaji mwenye pesa anaweza kukifunga kwenye mti, kando ya njia ya nyama au karibu na maji, kisha akarudi mjini kulala. Nyama akipita, chombo kinahisi joto lake, kinampiga picha na kuandika saa. Baada ya majuma mawili mwenye chombo anajua kabuluku anakunywa wapi, na pongo dume anapita saa ngapi. Siku ya kufungua uwindaji, anakwenda na bunduki moja kwa moja hadi mahali hapo, kwa saa hiyo hiyo.

Marekani wawindaji wa kulungu wamezoea jambo hili. Haut-Katanga ilikatae mapema, kabla halijawa desturi.

Watetezi wa kamera wanasema kwamba kamera haiui, na kwamba inamsaidia mwindaji kuchagua dume mzee na kumwacha jike mwenye mtoto. Maneno hayo yana maana mahali ambapo nyama wanahesabiwa na kila mwindaji anapewa idadi yake. Lakini hata huko wengine wamekataa. Jimbo la Arizona lilikataza kamera hizo kwa kuwinda tangu tarehe 1 mwezi wa 1, 2022. Nevada na Utah nazo zimezizuia katika miezi ya kuwinda. Majimbo hayo ni makavu. Maji yakiwa machache, nyama hana pengine pa kwenda, na kamera iliyofungwa pale kisimani inamnyima nafasi ya kuponyoka.

Wakaaji wa Katanga wanaelewa hilo bila kufundishwa. Kiangazi kikikaza, vijito vinakauka, moto unakula majani, na nyama wote wanakusanyika kwenye maji yaliyobaki. Anayefunga kamera pale ni kama amefunga mlango wa zizi. Sheria ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982, iliandikwa kabla ya vyombo hivi kufika. Ukimya wake usigeuzwe kuwa ruhusa.

Tena, nani anajua nyama wamebaki wangapi? Kaskazini mwa Likasi kuna mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939. Katika mabwawa ya eneo lile anaishi lechwe wa Upemba, swala asiyepatikana pengine popote duniani. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa karibu 22,000. Mwaka 2025 watafiti waliopita juu kwa ndege waliona 10 tu, wakakadiria kwamba wote hawafiki 100. Wamekwisha hivyo wakati hakuna aliyekuwa akihesabu.

Mahali pasipo hesabu, lawama humwangukia mnyonge. Nyama wakipungua, kidole kinaelekezwa kwa familia zilizohama, zile zilizokimbia vita vya Mai-Mai upande wa Mitwaba na kuacha mashamba, mbuzi na nyumba. Ni kweli kwamba mwenye njaa hutega waya. Waya unaua bila kuchagua, na hilo halistahili kutetewa. Lakini mama aliyekimbia na sufuria kichwani hana gari la kupakia nyama kumi usiku mmoja, wala hana friji ya kuwaweka. Anayenunua, anayesafirisha na anayetoa risasi wanakaa mjini, na majina yao hayatajwi.

Kwa hiyo kamera ibadilishwe kazi. Chombo kinachoweza kumvizia nyama kinaweza pia kumhesabu. Kwanza, viongozi wa jimbo wakataze wazi kamera yoyote ya kuwinda. Pili, kamera za kuhesabu zifungwe na walinzi wa mbuga pamoja na watu wa vijiji kabla uwindaji haujafunguliwa, chefu wa kijiji akijua kila moja iko wapi. Tatu, matokeo yasomwe kwenye redio kwa Kiswahili, Kiluba, Kisanga na Kibemba, si kufungiwa katika ripoti ya Kifaransa. Nne, picha ya mtu anayetafuta kuni au uyoga ifutwe. Wahami wameshakimbia macho ya wenye bunduki, wasiwekewe macho mengine mitini.

Hesabu ikionyesha nyama ni wachache, uwindaji usifunguliwe mwaka huo, hata kama mwenye kibali ni mtu mkubwa.

Mkulima anajua kwamba mbegu hailiwi, hata njaa ikiuma. Familia zilizohama zitarudi kwao siku moja, na zitahitaji pori lenye nyama. Anayefungua uwindaji bila hesabu anakula mbegu zao wakati hawapo.