Kulima si Kufuga: Maneno ya Kilimo na Kazi ya Watu wa Lugha

Mwanafunzi wa sekondari anayejitayarisha kwa Mtihani wa Taifa katika sehemu ya kilimo hukariri orodha hii: "aviculture", "apiculture", "arboriculture", "cuniculture", "pisciculture", "sylviculture". Maneno yote yana mkia mmoja. Hapa Lubumbashi huwa ninawasaidia watahiniwa wa mtaa wetu, na nimeona kijana aliyekua nyumba moja na kuku akiandika kwamba "aviculture" ni kazi ya nyuki. Vipande "avi" na "api" havimwambii kitu. Lakini muulize kwa Kiswahili kama kufuga kuku ni sawa na kufuga nyuki, atakucheka.

Ndiyo sababu nasema jambo hili ni la Kitivo chetu kabla ya kuwa la wenzetu wa agronomia.

Kifaransa kinatumia "culture" kwa mhogo na kwa samaki bila kubagua, tena neno hilohilo ndilo la utamaduni. Kiswahili kinaanza kwa kutenga vitenzi viwili: kulima na kufuga. Ufugaji wa samaki, wa nyuki, wa sungura, wa kuku: mwanafunzi akisikia neno la kwanza tu, amekwisha kujua kwamba tupo upande wa mifugo, ambao mtihani unauita "zootechnie". Kilimo cha mahindi, cha mboga, cha matunda kinakwenda upande wa "phytotechnie". Kando yake kuna elimu ya udongo, kinga ya mimea dhidi ya magonjwa na wadudu, zana za kilimo, na uchumi wa kilimo. Ni misitu tu inayogoma: sijasikia mtu akisema analima msitu wala anaufuga. Tuseme utunzaji wa misitu, tuendelee.

Hata hivyo, sitaki tujisifu mno. Yako mahali ambapo Kiswahili chetu kinachanganya kile ambacho Kifaransa kimetenga, na hapo hasara si ya alama za mtihani peke yake. Chukua neno mbolea. Kwetu, samadi ni mbolea, urea ni mbolea, na anayemwaga chokaa shambani naye huambiwa anatia mbolea. Mtihani unatenga "engrais", yaani kinacholisha mmea, na "amendement", yaani kinachorekebisha udongo wenyewe. (Samadi inasimama pande zote mbili, na mtahini anapenda sana kuuliza hapo.) Udongo wa sehemu nyingi za Katanga una asidi. Mkulima akiona mahindi yake yamedumaa hununua urea, ambayo katika kila kilo 100 ina kilo 46 za nitrojeni. Chakula kipo, lakini udongo wenye asidi kali unazuia mizizi kukitumia vizuri, na urea yenyewe, ikitiwa mwaka baada ya mwaka, huongeza asidi hiyo. Kilichohitajika kwanza ni chokaa, nayo si kitu cha mbali: mawe yake yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Lakini utamshauri vipi mtu ikiwa dawa na chakula vina jina moja? Mimi napendekeza mbolea ibaki kwa kinacholisha, na kingine tukiite kirekebisho cha udongo. Mwenye neno bora alilete.

Udongo nao una shida yake. Mfinyanzi anaita udongo ile malighafi ya vyungu. Mkulima anaita udongo ardhi yote anayoipiga jembe. Kwa mwanafunzi hayo ni mambo mawili, "argile" na "sol". Chembe za mfinyanzi hazifikii milimita 0.002, zikizidi hapo hadi 0.05 ni "limon", na kutoka 0.05 hadi 2 ni mchanga. Wako wanaotafsiri "limon" ya jedwali hilo kwa neno tifutifu. Hapana. Tifutifu ni udongo wenye mchanganyiko wa chembe zote tatu, si ukubwa wa chembe.

Kamusi zipo. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini mlango wake ni Kiingereza, na mtahiniwa wetu anaingilia Kifaransa. Daraja la Kifaransa na Kiswahili hakuna atakayetujengea.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: mtihani uko kwa Kifaransa, basi mtoto akariri Kifaransa. Siombi mtihani ubadilishwe. Naomba mtoto ajue anachokiandika. Na anayedhani maneno ya sayansi lazima yatoke Ugiriki akumbuke ndizi ya Yangambi Km 5, ambayo watafiti wa nchi nyingi wanaiita hivyohivyo, kwa jina la kituo chetu cha utafiti na kilomita zake tano.

Kila mwaka Kitivo kinapokea kazi za kumaliza masomo kuhusu methali na majina ya watu. Mbili tu kati ya hizo zingepewa maneno ya shamba: mwanafunzi wa lugha mmoja, wa agronomia mmoja, daftari moja, wakae na wakulima kabla ya kukaa na kamusi. Mimi ningeanza na mbolea, kabla mvua za Novemba hazijawakuta watu wakipanga foleni ya urea.