Kioo Hakivunjwi na Mbebaji

Kioo cha kompyuta cha fundi mitambo wa muziki kikifika ukumbini kimepasuka, wa kwanza kuulizwa ni kijana aliyekibeba. Spika zimeshushwa, waya zimetandazwa, blanketi linafunguliwa, umeme unawashwa, na kwenye kona moja linajitokeza doa jeusi mithili ya wino uliomwagika, huku mistari myembamba ya rangi ikikatiza kutoka juu hadi chini. Hapo huanza maswali. Nani alikipakia? Nani alikaa karibu nacho? Nani aliweka begi la waya juu yake? Mara nyingi mwisho wa maswali hayo ni posho ya kijana mmoja kukatwa. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo yanaelekezwa kusiko. Kioo kile kilianza kuvunjika siku mwenye mali alipokinunua bila kununua sanduku la kukibebea; tangu siku hiyo kilikuwa kinasubiri tu tuta la kukamilisha kazi.

Tukumbuke kwanza kwa nini jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Mikisa ya zamani, yaani mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwa meza nzima ya vitufe, na fundi aliyeijua angeweza kuiendesha hata gizani kwa kupapasa. Siku hizi ziko mikisa za kidijitali, kama vile Behringer XR18 au Soundcraft Ui24R, ambazo ni vijisanduku vyenye matundu ya waya tu. Hazina vitufe vya kupandisha na kushusha sauti ya kila maiki. Kazi hiyo yote hufanyika kwenye kioo cha kompyuta au cha tabuleti. Kioo kikifa, muziki unaweza kuendelea kulia, lakini fundi amefungwa macho na mikono. Ongeza hapo kompyuta zinazorekodi onyesho, zinazoonyesha maneno ya nyimbo kanisani, na zinazorusha picha za maharusi ukumbini. Hata hivyo, ukitamka neno “monita” mbele ya mafundi, wengi wataelewa ile spika inayomwelekea mwimbaji jukwaani. Kioo hakijapata hata jina lake katika orodha ya vyombo vya kazi. Kinahesabiwa kuwa kifaa cha ofisini kilichopata lifti, na ndivyo kinavyopakiwa.

Ukitazama jinsi kilivyoundwa, utaona kwa nini upakiaji huo ni hatari. Kioo bapa cha siku hizi ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja chini ya milimita 1, vilivyobana katikati yao kioevu kinachopitisha au kuzuia mwanga. Nyuma yake kuna karatasi laini za kutawanya mwanga, kisha taa. Vyote hivyo vimeshikwa pembeni na fremu, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, na katikati hakuna mhimili wa maana. Ukikibonyeza kwa kidole kikiwa kimewaka, rangi hubadilika pale pale. Mkandamizo mdogo kiasi hicho tayari umefika ndani. Vioo vya chogo vya miaka iliyopita havikuwa hivyo. Vilikuwa vizito kubeba, lakini uso wao ulikuwa wa kioo kinene kilichovumilia kusukumana na mizigo mingine. Tumebadilisha kifaa, tukabaki na mazoea ya kupakia ya enzi za chogo.

Sasa kiweke kifaa hicho ndani ya pikapu au kigari cha mizigo cha Kirikuu kinachokwenda kufunga muziki. Jirani zake ni spika ambazo nyingine zinapita kilo 30, amplifaya, stendi za chuma na jenereta. Njia yetu kuu yoyote, kama ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, ina matuta kila penye makazi, na baada ya lami mara nyingi zinafuata kilomita za mwisho za vumbi na makorongo. Kioo kilichosimama wima hubebwa na ukingo wake, sehemu iliyo imara. Kilicholazwa hunesa katikati kwa kila tuta, na kikiwekewa kitu juu, hata begi la maiki, mneso huo unageuka kuwa ufa. Ndiyo sababu maboksi ya kiwandani huchorwa mishale ya kuonyesha upande wa juu. Hata kisipopasuka, mtikisiko hufanya kazi yake polepole: skrubu zinalegea, shingo ya stendi inapata mchezo, tundu la waya wa picha linaanza kukatakata. Bandubandu huisha gogo, na siku gogo likiisha, lawama humwangukia aliyelishika mwisho.

Pwani kuna adui mwingine asiyepiga kelele. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004, limewazoesha wengi kuona mitambo ikifanya kazi Zanzibar, lakini ni wachache wanaofikiria safari ya mitambo inayovuka bahari. Kutoka bara, mzigo hupanda boti, hupokea hewa ya chumvi, hushuka gatini mikononi mwa wapagazi, na kama ukumbi uko ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, hatua za mwisho ni za mkokoteni au za begani, kwa sababu gari halipiti. Kioo kilicholala usiku kucha kwenye chumba chenye kiyoyozi, kikitolewa ghafla kwenye joto lenye unyevu, hufanya jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kikiwashwa hapo hapo, maji hayo yanaweza kuunguza saketi za ndani. Dawa yake ni subira, kukiacha mpaka kikauke ndipo kiwashwe. Lakini subira hupatikana pale tu ambapo chombo kimetambuliwa kuwa kinahitaji kuangaliwa.

Sanduku ninalolitetea linatengenezeka kwa seremala yeyote makini, bila kuagiza chochote Ulaya. Ubao wake ni plaiwudi ya milimita 9, kingo zimefunikwa kwa alumini, kona kwa vyuma vya mviringo, na pembeni kuna vishikio viwili ili libebwe na watu wawili wasiovutana. Siri yake iko ndani. Nyuma ya vioo vingi vya kompyuta kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100, na kwenye baadhi ya vioo vidogo milimita 75 kwa 75. Vua stendi, kifunge kioo kwa matundu hayo kwenye kipande cha ubao, na ubao huo ukalie povu gumu, lile la vifungashio vya mashine, si sponji ya godoro inayobonyea hadi mwisho ikipata uzito. Mbele ya uso wa kioo acha nafasi ya upana wa kiganja, kitu chochote kisiuguse. Waya na adapta vipate chumba chao chenye kizuizi, maana plagi inayozunguka ndani ya sanduku ni nyundo. Tupia vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe vinapochoka. Mfuniko ukiondoka kwa mbele, kioo hakina haja ya kutoka: unafungua, unachomeka waya, unafanya kazi kikiwa ndani ya nyumba yake, unafunga, unaondoka.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na ni la haki, kwa sababu wengi wenye mitambo ni wafanyabiashara wadogo wanaolipia mkopo wa spika. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme seremala anataka shilingi 150,000 kwa sanduku lililokamilika, na wewe unapata shughuli 3 kwa mwezi. Kwa miaka 3 sanduku hilo litakuwa limesafiri mara 108, yaani chini ya shilingi 1,400 kwa kila shughuli. Ni fedha ambayo haifikii chakula cha mchana cha kijana mmoja. Upande wa pili wa mizani, kioo kikipasuka hakina fundi wa kukiziba. Hubadilishwa paneli nzima, na bei ya paneli mara nyingi hukaribia ya kifaa kizima. Bado hujahesabu mteja aliyeona fundi akihangaika mbele ya wageni wake, ambaye hatarudi na atawaambia wenzake. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kioo hauna hata nafasi ya kuzibwa, lazima uzuiwe.

Wengine watasema blanketi limetosha miaka yote, na kama halitoshi, lipo boksi la dukani. Blanketi huzuia mikwaruzo, na kwa hilo linastahili sifa, lakini halizuii mkandamizo: kona ya spika ikiegemea kioo kilichoviringishwa, nguvu yote inapita kwenye kitambaa kama vile hakipo. Boksi la dukani lilibuniwa kwa safari moja, kutoka kiwandani hadi kwa mnunuzi. Povu lake jeupe hukatika kona baada ya kufunguliwa na kufungwa mara chache, na karatasi yake ikilowa mvua moja tu inalegea. Linafaa kuhifadhia stoo, si kwa kazi ya kila Jumamosi.

Wapo pia wanaoona kwamba suluhisho ni kuachana na kioo kikubwa, tufanye kila kitu kwa tabuleti au kompyuta mpakato, na kikiharibika tununue kingine cha mtumba Kariakoo. Tabuleti ni chombo kizuri cha kuzunguka nacho ukumbini kusikiliza, lakini fundi anayeangalia chaneli 16 au 24 kwa saa sita mfululizo anahitaji kuziona zote bila kupekua kurasa, hasa pale maiki ya mwimbaji inapoanza kulia. Tena tabuleti yenyewe ni kioo, na hoja inarudi pale pale. Kuhusu mtumba, urahisi wake unatuficha gharama. Vioo bapa vya miaka ya nyuma, vile vilivyotumia taa za mirija badala ya LED, vina zebaki ndani ya taa hizo, na kila kinachotupwa jalalani kinaongeza sumu mahali ambapo watoto wa watu wanaokota chupa. Kitu kisichovunjika ndicho rahisi kuliko vyote.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: sanduku linaongeza uzito na linakula nafasi kwenye gari ambalo tayari limejaa. Ni kweli, na silipunguzi. Lakini tazama tunavyotendea vyombo vingine. Mpiga fidla wa taarabu hafiki ukumbini na fidla iliyofungwa kwenye shuka. Ana kesi yake, yaani sanduku la kuibebea. Mpiga gitaa wa bendi ya dansi naye hivyo hivyo, na hakuna dereva aliyewahi kumwambia aache kesi nyumbani ili spika ipate nafasi. Tunakubali kwamba kesi ni sehemu ya gitaa. Kioo kinastahili hesabu ile ile. Sanduku lenye kona imara linaweza kusimamishwa likabanwa kati ya spika mbili bila hofu, wakati kioo kitupu kinadai pembe yake laini, na pembe hiyo ikikosekana ndipo kinapoishia juu ya mapaja ya mtu au, vibaya zaidi, juu ya rundo la waya.

Hapa narudi kwa kijana tuliyemwacha akihojiwa. Wapo watakaosema kwamba vijana wengine ni wazembe kweli, na sanduku halitawatia adabu. Lakini angalia saa wanayopakia. Harusi imekwisha saa nane usiku, mlinzi wa ukumbi anataka kufunga geti, taa zimeshazimwa nusu, na hao vijana wamesimama tangu saa nne asubuhi. Mtu yeyote, awe mwangalifu kiasi gani, saa hiyo atakosea. Chombo cha safari hakina budi kutengenezwa kwa ajili ya mikono iliyochoka, kwa kuwa ndiyo mikono itakayokibeba kila mara. Kumkata posho kijana kwa kioo kilichopewa shuka moja kuwa kinga yake ni kumlipisha maskini uamuzi wa tajiri wake. Mwenye mitambo anaponunua kioo, na amlipe seremala siku hiyo hiyo, aandike sanduku kwenye daftari la mtaji pamoja na spika, na alihesabu katika bei anayompa mteja. Mteja anayebembeleza apunguziwe hadi senti ya mwisho naye ajue kwamba kinachopunguzwa kwanza ni kinga ya vyombo vitakavyomhudumia usiku wake. Na siku kioo kitakapofika kimepasuka bila sanduku, swali la kwanza lielekezwe kwa aliyekinunua.