Taa ya Injini Ikipepesa Macho, Ondoa Mguu

Msomaji wangu, shemeji yangu ana pikapu ya petroli ambayo ndiyo mlezi wa nyumba yake. Hubeba vitunguu kutoka Naivasha hadi Nairobi, na karo ya watoto wake watatu hutoka mgongoni mwa gari hilo.

Alfajiri moja, akiupanda mlima wa Mai Mahiu kuelekea Limuru na mzigo umejaa, gari lilianza kutetemeka. Ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kwa kuhofia kuchelewa sokoni, alikanyaga mafuta zaidi. Alifika, naam, lakini gari likiwa halina nguvu na chini yake kukinuka kama kitu kilichoungua.

"Shemeji," aliniambia baadaye, "mimi nilidhani taa inaniambia niharakishe."

Kumbe ilikuwa ikimsihi asimame. Kilichokuwa kimeharibika mwanzoni ni koili moja tu. Kufikia Nairobi, chombo cha kusafishia moshi nacho kilikuwa kimeyeyuka ndani, na bei ya chombo hicho ni mara nyingi ya ile ya koili. Karo ya muhula huo ilichelewa.

Basi tuelewane kuhusu taa hii. Ikiwaka bila kuzima, kompyuta ya injini imeona kasoro na kuiandika. Huenda ni jambo dogo, hata kifuniko cha tangi ambacho hakikukazwa. Mradi gari linakwenda vizuri na taa za oili na joto hazijawaka, unaweza kulifikisha gereji siku chache zijazo. Lakini ikiwa inawaka na kuzima, kwa kawaida maana yake ni kwamba kuna silinda ambayo petroli yake haiwaki ipasavyo. Mafundi husema injini inamisi.

Petroli hiyo isiyoungua huenda wapi? Hutoka na moshi hadi kwenye katalitiki, yaani kile chombo cha kusafishia moshi kilichoko chini ya gari. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani kama platini na paladi. Petroli ikifika humo huwaka moto, joto likapanda kupita kiasi, sega likayeyuka na kuziba njia ya moshi. Injini isiyoweza kutoa moshi ni kama mtu aliyezibwa pua na mdomo.

Kwa hivyo, taa ikianza kupepesa, ondoa mguu kwenye mafuta. Washa taa za hadhari, tafuta mahali salama pasipo na nyasi kavu, kwa sababu chombo hicho kikishika joto huweza kuziwasha. Kisha zima injini. Ukiiwasha tena na bado inatetemeka na taa inapepesa, ita gari la kukokota. Ikiwa imetulia, nenda polepole hadi gereji iliyo karibu, na kama una mzigo, upunguze.

Huko gereji usikubali fundi aanze kwa kung'oa waya za betri. Huenda akafuta habari zote ambazo kompyuta imeandika. Mwambie kwanza achomeke mashine ya kusomea, kwenye tundu lililoko chini ya dashibodi karibu na usukani. Magari madogo yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996 yana tundu hilo la aina moja, na mengi yaliyotengenezwa miaka ya baadaye kwingineko pia yanalo.

Ikisomeka P0300, zaidi ya silinda moja huenda inamisi. P0301 ni silinda ya kwanza, P0303 ni ya tatu. Hapa ndipo wengi huibiwa. Namba hiyo hutaja silinda, haitaji spea. Fundi anayesoma P0303 na papo hapo kukutuma Kirinyaga Road ukanunue koili nne anabahatisha kwa pesa zako.

Ikiwa kila silinda ina koili yake, mwombe afanye hivi injini ikiwa imepoa: koili ya silinda ya tatu aihamishie ya kwanza, na ya kwanza aipeleke ya tatu. Afute namba, injini iwashwe kwa muda mfupi, asome tena. Namba ikihama na kuwa P0301, koili hiyo ndiyo mkosaji. Ikibaki P0303, abadilishane plagi vivyo hivyo. Isipohama bado, apime injekta, kisha mgandamizo wa silinda. Kufikia hapo hujanunua spea hata moja.

Nawe msaidie kwa ukweli. Je, injini ilioshwa jana kwa mpira wa maji wenye nguvu? Maji hukaa kwenye mashimo ya plagi. Je, umejaza petroli mahali usipopajua? Mafuta yaliyochanganywa na maji au mafuta taa huweza kuleta balaa hiyo hiyo.

Wenye pikapu za dizeli, yenu haina plagi za cheche, na taa ikipepesa huenda ina maana nyingine. Someni kitabu cha gari.

Shemeji siku hizi ana kimashine kidogo cha kusomea, amekiweka pamoja na jeki. Juzi taa ilipepesa tena akiwa mlimani. Alisimama, akapiga simu sokoni kwamba vitunguu vitachelewa. Vilichelewa saa tatu. Karo haikuchelewa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia breki.