Viongozi wa Jumuiya Wasiachwe Mikono Mitupu

Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo hana zamu ya kupumzika. Mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye hupigiwa simu. Mtoto akitakiwa kubatizwa, yeye ndiye huandika barua ya utambulisho ipelekwe parokiani. Msiba ukitokea mtaani, huanza yeye kupita nyumba kwa nyumba na daftari la rambirambi. Na Jumamosi alfajiri, watu wanapojitokeza kusali kabla ya kukimbilia kazini, hukuta mikeka imekwisha kutandikwa. Hana mshahara, wala hajawahi kuudai. Wengi wa wenyeviti hawa ni mama wauza mboga, walimu wastaafu, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda waliochaguliwa siku moja kwa kunyoosha mikono, wakapigiwa makofi, wakaanza kazi kesho yake bila kuelekezwa lolote.

Ndugu zangu, nawaandikia kwa ajili yao.

Jumuiya hizi hazikuzuka kwa bahati. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vya majirani. Mkutano wao wa mwaka 1976 jijini Nairobi ukalifanya hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Hapa Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alilibeba wazo hilo kwa moyo wote, akaliunganisha na maisha ya vijiji vya ujamaa. Walitaka Kanisa ambamo watu wanajuana kwa majina, wanajua nani amelala njaa na nani amegombana na nani, na wanalisoma Neno la Mungu wakiwa wameketi mahali pale pale wanapoishi.

Leo tuitazame ajenda ya jumuiya ya kawaida mjini. Sala ya mwanzo, somo linalosomwa haraka, kisha matangazo: mchango wa ujenzi, mchango wa mavuno, mchango wa jubilei ya padre, bahasha za zaka ambazo hazijarudishwa, majina ya wadaiwa. Muda umekwisha, baba wa nyumba anaaga, watu wanatawanyika. Muumini aliyeshindwa kuchangia mara mbili huona aibu, akaacha kuja. Na siku ya msiba wake tunaulizana kama alikuwa “mwanajumuiya hai”. Hilo linaniuma. Tumemfanya mwenyekiti kuwa mkusanya madeni, kisha tunashangaa kwa nini kila uchaguzi unapofika watu wanainamisha vichwa wasitajwe.

Sisemi michango ni dhambi. Kanisa halijengwi kwa upepo. Iko habari moja ya kale ambayo ningependa kila halmashauri ya walei iijue. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley, yaani Wamethodisti, walikuwa wanadaiwa fedha za jengo lao la sala. Mmoja akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mwingine akapinga, maana maskini wangeipata wapi? Yule wa kwanza akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila juma, na atakayeshindwa nitamtolea mimi. Wakagawana watu kwa namna hiyo. Haikuchukua muda, waliotumwa kukusanya peni wakaanza kurudi na habari nyingine kabisa: fulani amerudia ulevi, fulani anagombana na mkewe. Wesley akatambua kwamba jambo alilolitafuta kwa miaka mingi limemjia kwa mlango wa deni. Tangu hapo viongozi wa vikundi hivyo vya watu kama kumi na wawili wakawa walezi wa roho, na Umethodisti ulikua juu ya mabega yao.

Tazameni kilichotokea pale. Mkusanyaji aliingia nyumbani kwa mtu, akamwona alivyo, na fungu la maskini lilikuwa juu ya mwenye nacho. Kwetu mchango umebaki kuwa orodha inayosomwa hadharani. Tunaweza kuigeuza. Mwenyekiti akipewa ruhusa na fungu dogo la kumfutia mjane deni lake, ziara yake nyumbani kwa mjane huyo inakuwa na sura nyingine.

Lakini ataifanyaje kazi ya ulezi mtu ambaye hakufundishwa? Hapa ndipo ninapoomba tuwe wakali na nafsi zetu. Katika miaka ya 1970, Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alikabidhi walei, walioitwa bakambi, uongozi wa parokia nzima. Walipewa mafunzo kwanza, ndipo wakapewa dhamana. Huko Afrika Kusini, mapadre wawili kutoka Ujerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye wote walikuwa maaskofu, walitumia miaka mingi katika taasisi ya Lumko kutengeneza vitabu vyepesi na njia rahisi ambazo mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kuzitumia kuongoza wenzake. Njia ya hatua saba tunayoitumia hata leo ilitoka kwao: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno yaliyotugusa, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi tunayotumwa, kusali. Jumuiya nyingi huiruka hatua ya sita, ile ya kuuliza juma hili tunatumwa kumfanyia nani nini. Hurukwa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kiongozi namna ya kuiendesha, na kwa sababu matangazo ya michango yameshakula muda wake. Ukiiondoa hiyo, jumuiya inabaki kusali tu, na yule jirani aliyelazwa hospitali anabaki bila mtu wa kumpelekea uji.

Wenzetu wa Kenya wana jambo jema la kuiga. Kila Kwaresima, tume ya haki na amani ya maaskofu wao hutoa kijitabu chenye mada ya kila juma, kuhusu ardhi, rushwa, familia, vijana, na jumuiya hukitumia kwa mazungumzo. Kiongozi hafiki mikono mitupu. Anacho cha kuanzia, na maswali yameandikwa.

Kuna atakayeniambia kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea bila bajeti ya mtu. Ni kweli. Ila ndugu wale walisafiri kwa makundi, wakapokeana majumbani, wakalishana, wakarekebishana ana kwa ana. Rasilimali waliitoa wenyewe. Swali kwetu ni kama sisi tunaitoa, au tunamwachia mwenyekiti anunue daftari, vocha na nauli kutoka kwenye mtaji wake wa nyanya.

Kwa hiyo naomba haya. Halmashauri za parokia, katika makadirio ya mwaka ujao, andikeni fungu la malezi ya viongozi wa jumuiya: siku mbili za mafunzo, nauli zao, chakula, Biblia kwa kila jumuiya na mwongozo uliochapwa. Sehemu ya kinachokusanywa na jumuiya ibaki kwenye jumuiya kwa ajili ya wagonjwa na wajane, ikiwa na mhazini, daftari lililo wazi na taarifa kila robo mwaka. Uongozi uwe wa kupokezana, na msaidizi afundishwe kazi mapema, ili mama mmoja asibebeshwe miaka kumi na miwili kwa sababu tu hajui kukataa. Tusisahau kwamba hata Musa alihitaji mkwewe Yethro amwambie agawe mzigo, hadi kufikia viongozi wa watu kumi kumi.

Baba paroko, tunakuomba ufike jumuiyani siku isiyo na harambee, uketi mkekani, usikilize tu. Vijana, simu zenu zinaweza kuandaa masomo na kuwakumbusha watu, ila kundi la WhatsApp lisichukue nafasi ya kuonana. Na akina baba, ambao tumewaachia wake zetu sala za Jumamosi kwa miaka, tuamke nao.

Wenzetu Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wenye ibada za nyumba kwa nyumba, mnayajua haya. Njooni tufundishe viongozi wetu pamoja pale inapowezekana, maana mtaa ni mmoja na wagonjwa ni wale wale.

Jumapili hii, baada ya misa, mtafute mwenyekiti wa jumuiya yako kabla hajaondoka. Muulize anahitaji nini ili kazi yake imwendee vizuri, na umpe nafasi ya kujibu mpaka amalize. Kisha mpeleke jibu lake kwa katibu wa halmashauri, mkiwa wawili.