Asiyejua kusoma darasa la pili hana tena mwaka wa kufidia

Mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza elimu ya msingi kwa mkupuo mmoja: darasa la saba wa mtaala wa zamani, na darasa la sita walioupokea mtaala mpya wakiwa la tatu, Januari 2024. Tangu hapo mjadala umekuwa juu ya vyumba vya madarasa na madawati ya kidato cha kwanza. Ni mjadala wa haki. Lakini lipo swali linalotangulia ujenzi wote huo, nasi tunaliuliza tukiitazama kata ya Magole, wilayani Kilosa: katika watoto hao, ni wangapi wanaoweza kupewa hadithi fupi ya Kiswahili wasiyowahi kuiona, wakaisoma na kueleza nani alifanya nini?

Kwa miaka mingi walimu na wazazi tumejifariji kwa kauli moja: atajua tu akifika mbele. Mtoto anamaliza la pili hajui kusoma, anavushwa la tatu. La tatu anakuta masomo yameongezeka, kila somo na kitabu chake, na mwalimu hana tena kipindi cha kumrudisha kwenye silabi. Wapo waliojikwamua la tano au la sita, kwa msaada wa dada, wa mwalimu mwenye moyo, au kwa juhudi zao wenyewe. Sasa miaka ya shule ya msingi ni sita, na mwaka uliokatwa ndio aliochelewa angeutumia kuwafukuzia wenzake. Akivuka hapo anaingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kusoma Kiswahili anachokiongea tangu alfajiri, Kiingereza atakianzia wapi?

Hatubahatishi. Utafiti wa mpango wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionesha kuwa katika kila watoto 10 wa darasa la tatu nchini, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba naye hakuweza. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliofika kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Upimaji wa kitaifa wa darasa la pili wa mwaka 2013 ulikuta mtoto wa kawaida akisoma maneno yasiyofika 20 kwa dakika, na waliosoma kwa kuelewa walikuwa kama asilimia 8. Lengo lililowekwa baada ya hapo ni maneno 50 kwa dakika. Kasi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mashindano. Mtoto anayejikongoja silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake.

Jitihada zilifanyika. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, zipate muda wa kutosha, na walimu wengi wakapigwa msasa wa kufundisha kwa sauti za herufi badala ya majina yake. Ulikuwa uamuzi sahihi, na Kiswahili chenyewe kinausaidia. Irabu ni tano na hazigeuki sauti. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Utafiti uliolinganisha watoto wa nchi kadhaa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, uliona kuwa pale ambapo lugha huandikwa kama inavyotamkwa, kama Ufini na Hispania, watoto wengi husoma maneno ya kawaida kwa usahihi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na wanaojifunza kwa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa lugha tuliyojaliwa, mtoto wa Kitanzania alipaswa kuwa kundi la mbele.

Kwa nini hayupo? Ingia darasa la kwanza lolote lenye watoto wengi usikilize. Watoto wanaimba ba be bi bo bu, sauti moja, safi, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. Mgeni ataondoka ameridhika. Sasa mwite mmoja mbele, umwandikie “bu” peke yake. Utaona midomo ikicheza kimyakimya: ba, be, bi, bo, mpaka aifikie. Ameshika wimbo, herufi hajaziona bado. Ongeza m mbele iwe “mbu”, na wimbo unamtupa mkono. Silabi mwambatano ndizo zinazoangusha wengi: ng’ombe na ngoma, mwavuli, kwacha, ndwele. Katika nyumba ambazo lugha yake haitenganishi r na l, mtoto anaandika karamu akikusudia kalamu, na hakuna aliyemketisha akamsikilizisha sauti hizo mbili, moja baada ya nyingine.

Kuandika kumeachwa nyuma zaidi. Madaftari yanajaa, lakini yanajaa maandishi yaliyonakiliwa ubaoni. Imla ya maneno matano kila asubuhi ingemwambia mwalimu mengi kuliko kurasa kumi za kunakili, kwa kuwa katika imla mtoto lazima asikie sauti, aikate silabi, kisha aichore. Na sarufi isisubiri jedwali la ngeli la madarasa ya juu. Mtoto aliyeandika sentensi yake mwenyewe, “kiti kimevunjika”, kisha akaambiwa viti sasa ni viwili, anaugeuza upatanisho wote kwa sikio lake kabla hajalijua jina la kanuni hiyo. Sentensi moja ya kwake kwa siku inatosha kuanzia.

Kazi hiyo yahitaji mwalimu mahiri, na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Shule nyingi humpanga mwalimu hodari darasa la saba na la nne, kwa sababu matokeo ya madarasa hayo hutangazwa, na kwa miaka mingi shule zilipangwa kwayo. Darasa la kwanza huachiwa aliyebaki, wakati mwingine na watoto maradufu ya 45 wanaotajwa na serikali kama kiwango cha darasa. Mwalimu mkuu anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anajibu anachoulizwa na ofisi ya elimu. Ofisi imuulize jingine.

Magole ina mazingira yake. Kata iko kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, jirani na Dumila, na inapokea watu wa kila namna: wakulima Wakaguru, wafugaji wanaohamahama na mifugo, wafanyabiashara wa mazao. Mtoto wa boma anaweza kufika shule na Kiswahili cha kuombea maji tu. Mpunga ukianza kukomaa, madawati hupungua watu, watoto wako shambani wakiamia ndege. Na mito ya huku haina adabu. Januari 2014 mafuriko yalilisomba daraja, barabara kuu ikakatika, nyumba zikajaa maji na familia zikahama. Mwezi huo huo ndio watoto wapya wa darasa la kwanza walipaswa kuanza a e i o u. Waliovuka kila darasa kwa wakati walikuwa kidato cha nne mwaka 2024. Mvua ikikata masomo wiki tatu, wiki hizo zifidiwe kwenye kusoma kwanza, mengine yatasubiri.

Mkoa wa Morogoro ulibahatika kupata misaada. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID, ulifanya kazi hapa kati ya 2016 na 2021 pamoja na Iringa, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar: vitabu, mafunzo ya walimu, na umoja wa wazazi na walimu, UWW. Ukafuatwa na Jifunze Uelewe. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha fedha za misaada, na katikati ya mwaka huo USAID ikafungwa. Tunawashukuru waliosaidia. Lakini kumfundisha mtoto wa Kilosa kusoma lugha ya taifa lake hakukupaswa kamwe kutegemea uchaguzi wa Washington.

Fedha zetu wenyewe ni chache. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imekadiriwa Sh10,000 kwa mwaka, na Sh4,000 kati yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Iongezwe, tunasema bila kusita. Hata hivyo, jaribio lililofanyika katika shule 350 za wilaya 10 nchini, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, lilionesha kuwa shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuinua ufaulu wa watoto wa madarasa ya mwanzo. Ufaulu ulipanda pale ruzuku ilipokwenda pamoja na posho kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefuzu. Kwa hiyo fedha ziende pamoja na mwalimu, na pa kumpata pako karibu: Ilonga, ndani ya wilaya hii hii, kuna chuo cha ualimu. Wanachuo wake wapangwe mazoezi ya kufundisha katika madarasa ya kwanza na ya pili ya Magole na kata nyingine, chini ya mwalimu mzoefu, wafundishe kusoma hasa.

Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa inaweza kuagiza jambo moja muhula huu, tena kwa gharama ya karatasi tu. Kila mtoto wa darasa la pili na la tatu aketi na mwalimu asiyemfundisha, apewe silabi, maneno, aya na hadithi, na pale anapokwama paandikwe mbele ya jina lake. Ofisa elimu kata awe na orodha hiyo ya kila shule. Mwalimu mkuu aisome kwenye mkutano wa wazazi, idadi tu, bila kumtaja mtoto yeyote. Majina yabaki kwa mwalimu na mzazi husika. Kisha mwalimu bora wa shule ahamishiwe darasa la kwanza, na anayekwama kwenye silabi apate nusu saa ya ziada kila siku mpaka avuke. Orodha ya kwanza inaweza kuwa tayari kabla ya likizo ya Juni.