Makazi ya mjini: tusimwachie dalali awachagulie vijana wetu

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliuacha mji wake alioupenda akaenda kuishi ugenini, na katika kuhama kwake akatuachia mafunzo makubwa juu ya suala la makazi.

Ndugu Waislamu, kila mwaka vijana wetu wa Liuli na wa vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa hufunga mizigo na kuanza safari ya Dar es Salaam. Hupita Mbamba Bay, wakapanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, wakafika Songea, na kutoka hapo wakasafiri zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Njombe, Iringa na Morogoro. Wazee huiandalia safari hiyo kila kitu: nauli, unga wa muhogo, dagaa waliokaushwa, na dua. Jambo moja tu halizungumzwi, si barazani wala msikitini: kijana huyu anakwenda kuishi wapi?

Jibu tulilolizoea ni kwamba atafikia kwa kaka yake. Lakini, ndugu zangu, kufikia si kuishi. Huyo kaka naye ana chumba kimoja, pengine na mke na watoto wawili. Baada ya wiki chache chumba huwa kidogo, maneno huanza kupungua, na kijana huelewa bila ya kuambiwa. Hapo ndipo anapozichukua fedha zake chache na kumwendea dalali. Mtu asiyemjua, na ambaye ujira wake hutokana na chumba kupangishwa na si na mpangaji kupata salama, ndiye anayemchagulia mahali pa kulala, majirani, na njia ya kwenda kutafuta riziki.

Msimamo wetu ni kwamba kuchagua makazi ni sehemu ya safari yenyewe, si jambo la kuachwa mpaka baada ya safari. Tena ni jukumu la jamaa nzima, ile inayomuaga kijana na ile inayompokea.

Hebu tuutazame mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka 10 mji umeongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja kati yao alihitaji mahali pa kulala. Wakati wa ukoloni mji huo uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Leo mgawanyo huo wa sheria haupo, na kipimo kilichobaki ni mfuko wa mtu. Mwenye kidogo husukumwa ama pembezoni, kama vile Chanika, Mbagala na Bunju, ama mabondeni karibu na katikati ya mji. Kila upande una gharama yake, na gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya kodi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kijana amepata kazi ya kupakua mizigo Kariakoo. Dalali anamwonyesha chumba Chanika kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na kingine Buguruni kwa shilingi 80,000. Bila ya kufikiri atachukua cha Chanika. Sasa tuhesabu pamoja. Ikiwa kutoka Chanika atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja, atatumia shilingi 2,400 kwa siku, yaani shilingi 62,400 kwa siku 26 za kazi. Jumla yake, pamoja na kodi, ni shilingi 102,400. Kutoka Buguruni atapanda gari moja kwenda na moja kurudi, shilingi 31,200 kwa mwezi, na jumla yake ni shilingi 111,200. Basi ule unafuu wa shilingi 40,000 umebakia shilingi 8,800 tu.

Na kwa shilingi 8,800 hizo amelipa nini? Ikiwa njia ya Chanika inamchukua saa nne kwa siku, kwenda na kurudi, na ile ya Buguruni saa moja, basi kila mwezi ametoa saa 78 za umri wake. Ni zaidi ya siku tatu nzima, usiku na mchana, akiwa amesimama ndani ya gari. Huondoka kabla ya adhana ya alfajiri, Maghrib humkuta kwenye foleni, na anaporudi msikiti umeshafungwa. Kijana huyo hakuiacha sala kwa kiburi. Aliiacha kwa kuwa siku yake ilikwisha njiani, na sisi tukamlaumu kwamba mji umemharibu.

Hatusemi kwamba Chanika ni kubaya, la hasha. Mwenye familia aliyepata kiwanja huko, na kazi yake iko huko huko, amechagua vyema. Tunachosema ni kwamba kodi ya chumba haijulikani mpaka ijumlishwe na nauli na saa.

Ama kuhusu mabondeni, tumeonja wenyewe. Mmoja wetu alipofika mjini alikodi chumba katika mtaa mmoja wa bondeni wakati wa kiangazi. Kilikuwa chumba kizuri, karibu na kazi, na alitakiwa kutoa kodi ya miezi sita mkononi. Hakuna aliyemwambia kwamba ile alama ya matope ukutani, usawa wa kiuno cha mtu, ilikuwa kumbukumbu ya masika yaliyopita. Masika mengine yalipofika, alikaa juu ya meza usiku kucha, na godoro lake likaelea. Kodi hakurudishiwa.

Huyo alinusurika. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko katika bonde la Msimbazi na kwingineko jijini, watu wakapoteza maisha, na Serikali ikazihamishia baadhi ya familia Mabwepande. Huko walipata ardhi kavu, lakini riziki zao walikuwa wameziacha mjini, na wako waliorejea bondeni wakijua hatari yake. Tusifanye haraka kuwaita wajinga. Ardhi kavu iliyo mbali na riziki, na riziki iliyo karibu na maji, ndiyo mizani anayopewa maskini wa mjini.

Hata walio juu kilimani hawajasalimika wote. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba inapobomolewa, mwenye nyumba huonekana na kuhojiwa, lakini mpangaji aliyelipa miezi yake sita huondoka na godoro kichwani bila ya mtu kumuuliza habari. Kwa hiyo atakayekodi na aulize kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa: je, nyumba hii iko ndani ya hifadhi ya barabara au ya mto? Vilevile aulize maji ya kunywa yanatoka wapi, na kisima kiko mbali kiasi gani na choo. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani kilitukumbusha kwamba swali hilo si la watu wenye madeko.

Sasa tuje kwenye jirani. Wahenga wetu wa Kiislamu walifundisha kumtazama jirani kabla ya nyumba, na Mtume (S.A.W.) aliusiwa mno juu ya haki ya jirani. Lakini tusilifahamu jambo hili kwa ufinyu. Sisi wa Liuli tumekulia katika mji wa misheni ya Waanglikana, na hospitali yetu ni ya Mtakatifu Anna. Waislamu ni wachache mwambaoni, na majirani waliotuchotea maji siku za misiba yetu wengi wao ni Wakristo, tena ni shangazi na wajomba zetu. Tunajua basi kwamba jirani mwema hatambulikani kwa jina lake. Kijana aende mtaa anaotaka kuhamia mara mbili, mchana na saa tatu usiku. Mchana mitaa yote hufanana. Usiku ndipo utakapoona ni nani wanaokaa kwenye kona, pombe inauzwa wapi, na kama mama mtu mzima anaweza kutembea peke yake bila ya hofu.

Wapo watakaosema: basi tuwaweke vijana wote wetu karibu na msikiti, jambo limekwisha. Nia hiyo ni njema, lakini tuikumbuke habari ya Bani Salima. Nyumba zao zilikuwa mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W.) pale Madina, wakataka kuhamia karibu. Yeye akawausia wabaki katika makazi yao, kwa kuwa nyayo zao za kwenda msikitini zinaandikwa, na hakupenda pembezoni mwa mji pabaki patupu. Kinachotakiwa ni kwamba msikiti ufikike kwa miguu ya mtu aliyechoka, na ukifika huko ukutane na watu wanaokujua kwa jina. Msikiti ulio ukutani kwako ambao hakuna anayeuliza kwa nini hukuonekana wiki nzima, haukulindi na chochote.

Aidha, tusiwasahau mabinti zetu. Wengi wao huitwa mjini kufanya kazi za ndani, na wao hawachagui mtaa wala chumba. Makazi yao ni nyumba ya mwajiri. Kwa binti, swali la wapi atakaa ni swali la nani ana ufunguo wa mlango wake. Mzazi anayemtoa binti yake bila ya kuijua nyumba hiyo, bila ya namba ya simu ya mtu mwingine aliye jirani, na bila ya kukubaliana mshahara na siku ya kumjulia hali, amemtupa mtoto, hata kama amemlipia nauli.

Tufanye nini basi? Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alijenga msikiti, na akawaunganisha udugu waliohama na wenyeji wao. Abdurrahman bin Auf (R.A.) aliunganishwa na Saad bin Rabii (R.A.), ambaye alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimshukuru, akamwombea baraka, kisha akaomba jambo dogo zaidi: aonyeshwe soko liko wapi. Hapo pana somo kwa pande zote mbili. Mgeni asiwe mzigo wa kudumu, na mwenyeji asiishie kumpa mgeni sahani ya wali, bali amwonyeshe soko, njia, na nyumba iliyo salama.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, kila msikiti wa mwambao uwe na daftari la watu wake walioko mijini: jina, mtaa, kazi na simu. Pili, kijana anayeondoka apewe barua mbili, ya serikali ya kijiji kwa ajili ya ofisi ya mtaa, na ya imamu wake kwa imamu wa huko aendako. Tatu, misikiti ya mjini iteue watu wawili watakaoandamana na mgeni kwenda kukiona chumba kabla ya fedha kutoka mkononi, wakaitazame alama ya maji ukutani, wahesabu nauli, na washuhudie mkataba wa maandishi na risiti.

Dalali aendelee na kazi yake, kwani nayo ni riziki. Lakini asiwe ndiye mtu wa kwanza kumkaribisha mtoto wetu mjini.

Usiku huu huenda kuna basi kutoka Songea litakaloingia kituo cha Mbezi Luis, na ndani yake kuna kijana wa kutoka ziwani ambaye mfukoni ana namba moja tu ya simu. Je, namba hiyo ni ya nani? Ijumaa ijayo, kabla hatujatawanyika msikitini, tuulizane.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu ugenini, awape majirani wema, na atuwafikishe sisi kuitimiza amana hii. Amin.