Kitalu na Dungu: Istilahi za Bustani Zilizoachwa Shambani

Wafasiri wa maandishi yahusuyo majumba ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) aghalabu hukwazwa na vitu viwili: ukuta wa mawe uliozunguka bustani, na kibanda cha mapambo kilichoinuliwa ili watu wakae wakitazama mandhari. Cha kwanza huitwa "ukuta" tu; cha pili huachiwa jina lake la kigeni, "gazebo", au huitwa "kibanda cha bustani". Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu huo si wa lugha, bali ni wa mahali pa kutafutia.

Vitu vyenyewe si vigeni katika pwani. Ukuta mkubwa wa kasri la Seyyid Barghash huko Maruhubi, Unguja, hudhaniwa kuiga kuta za bustani alizoziona Uingereza mwaka 1875. Kasri hilo liliungua mwaka 1899. Kuhusu jumba la Mtoni, Salama binti Said (Emily Ruete), katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, alieleza roshani kubwa ya mviringo iliyoelekea baharini, ambamo baba yake alizoea kukaa.

Kwa ukuta wa namna hiyo, kamusi za zamani zina neno "kitalu", yaani ua wa mawe. Leo neno hilo hutumika kwa miche, uwindaji na gesi asilia. Maana imehama kutoka kwenye mpaka hadi kwenye eneo lililomo ndani yake. Hata hivyo, maana ya awali yaweza kufufuliwa katika istilahi za usanifu majengo: "ukuta wa kitalu".

Kwa kibanda, jibu liko Rufiji. Wakulima wa mpunga bondeni hujenga "dungu", kibanda juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na kujikinga na maji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 na uhamisho uliofuata, makazi mengi yaliondolewa bondeni, na dungu likabaki zaidi kuwa makao ya msimu.

Yamkini itapingwa kwamba dungu ni la kazi, ilhali gazebo ni ya starehe. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa. "Baraza" lilikuwa kikalio cha mlangoni kabla ya kuwa la mawaziri. Sifa bainifu ya vitu vyote viwili ni moja: kukaa juu na kutazama mbali. "Kibanda" hupoteza sifa hiyo. "Dungu la bustani" huihifadhi.

Kwa hiyo, kabla ya kamati za istilahi kukopa, inafaa wanafunzi wa uzamili watumwe Mchukwi na vijiji vingine vya Kibiti wakakusanye msamiati wa ujenzi na kilimo. Wanaojua majina ya kila nguzo na kila fito ya dungu ni wazee, na hakuna kamusi itakayoyaandika wasipoulizwa.